Wanariadha wa Madam Nangila

Kama kulikuwa na mtu Eldoret aliyeuchukia usingizi kwa moyo wake wote, basi ni Madam Mildred Nangila. Alikuja kutoka upande wa Bungoma akiwa mwalimu wa hesabu asiyejulikana na mtu, na cheo cha naibu wa mwalimu mkuu, katika shule moja ya bweni ya kibinafsi nje kidogo ya Kimumu, alikipata kwa kuamka. Kengele ya saa kumi alfajiri aliipiga mwenyewe, amevaa jaketi zito na kofia ya sufu. Wanafunzi walitoka mabwenini wakitetemeka kwenye ukungu, wakaingia prepu, kipindi cha kujisomea, wakafungua vitabu. Kilichoendelea baada ya vitabu kufunguliwa hakukichunguza sana. Mradi macho yalikuwa wazi.

Wazazi walimpenda. Siku ya wazazi, mwalimu mkuu, Bi. Sylvia Chepngetich, alitaja saa ya kuamka kabla ya kutaja matokeo ya mtihani, na alikuwa na sababu nzuri ya kufuata mpangilio huo.

Waliosamehewa kengele ni wakimbiaji peke yao. Kocha wao, Kipyego, mzaliwa wa Chepsaita, alikuwa amekimbia nje ya nchi mpaka goti lake likakataa. Alipoajiriwa alitoa sharti moja: vijana wake walale mara tu baada ya chakula cha jioni, wasiamshwe mpaka kupambazuke, na wapumzike tena baada ya chakula cha mchana. Alisema uwanjani mwili hubomolewa tu, na kwamba hujengwa kitandani. Madam Nangila aliyaona hayo kuwa maneno ya mvivu aliyesafiri. Lakini vikombe vilipendeza kwenye rafu ya ofisi, kwa hiyo Bi. Sylvia akawapa wakimbiaji ukumbi mdogo nyuma ya bwalo, wakaweka vitanda vyao huko. Katika chumba cha walimu, Madam alisema watoto hao watakimbia maisha yao yote kwa sababu vichwani hawatakuwa na kitu kingine.

Mtihani wa mwisho wa muhula ukaja, Madam akasahihisha hesabu. Jemutai, msichana wa mbio ndefu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akiandika jina lake na kumwachia Mungu karatasi iliyobaki, alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Wenzake wa ukumbini walimfuata kwa karibu. Madam alijua wizi anapouona. Alitunga mtihani mwingine, akawafungia wakimbiaji darasani, akawasimamia mwenyewe.

Alizinduka Jemutai alipomgusa mkono.

"Madam, tulimaliza. Karatasi zote tumekuwekea hapa."

Matokeo yalikuwa yale yale. Asingeweza kuapa kwamba hawakuibiana majibu, na asingeweza kumwambia mtu ni kwa nini hawezi kuapa.

Bi. Sylvia aliita mkutano wa walimu na kutoa uamuzi uliomfurahisha yeye mwenyewe: kumbe kukimbia kunapeleka damu kichwani. Kwa hiyo shule nzima itakimbia. Swali likawa itakimbia saa ngapi, maana vipindi vya mchana vilijaa na prepu ya jioni haiguswi. Nafasi pekee iliyopatikana ilikuwa kabla ya prepu ya alfajiri, na kengele ikaanza kulia mapema zaidi. Kocha Kipyego aliinua mkono kutaka kusema jambo, akaambiwa amefanya kazi nzuri na hana haja ya kujieleza.

Baada ya wiki chache, watoto walikuwa wakilala wamesimama gwarideni. Kijana mmoja wa kidato cha pili alikwenda bwaloni na kalamu mkononi, akaitumbukiza kwenye githeri, kijiko kikiwa ndani ya dawati lake.

Na kulikuwa na Ashley, mtoto wa pekee wa Madam, kidato cha tatu katika shule hiyo hiyo. Alikuwa msichana mwepesi wa kuelewa. Sasa alisoma ukurasa mmoja mara tatu nao ukampita kama upepo. Alilia kwa sababu ya soksi iliyopotea. Aliwafokea marafiki, kisha asikumbuke walichokosana. Madam alimnunulia mayai, halafu miwani, halafu akawaalika akina mama wa kanisa wamwombee. Ashley alilala katikati ya maombi, na akina mama wakafurahi wakisema ameguswa.

Mwishowe akampeleka kliniki mjini. Daktari Ciru, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alipima damu. Hakuna malaria, hakuna taifodi, damu inatosha. Akauliza msichana analala saa ngapi na kuamka saa ngapi. Madam akajibu kwa fahari. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, huyu si mgonjwa. Huyu amenyimwa usingizi."

Akamweleza polepole. Ubongo wa kijana bado unajengwa, na sehemu ya mbele, ile ya kupima mambo na kujizuia, ndiyo humalizika mwisho kabisa. Katika umri huo, saa ya mwili nayo husogea, usingizi ukachelewa kuja na kuchelewa kuondoka, na huo si ukaidi. Na yale anayosoma mchana hupangwa na kuhifadhiwa akiwa amelala.

"Ukimwamsha saa hiyo, unamkatiza kazi," daktari alisema.

"Kazi gani?"

"Ya kushika ulichomfundisha jana."

Madam aliuliza kama hakuna sindano. Hakukuwa na sindano.

Njia nzima ya kurudi Ashley alikuwa amelala begani kwake. Madam alimtazama uso, akagundua kwamba kwa miezi mingi hakuwa amemwona mwanawe akiwa ametulia hivyo. Lakini angewaambia nini wazazi, yeye aliyesifiwa miaka yote kwa kengele? Kesho yake alimtafuta Kocha Kipyego nyuma ya bwalo, akamwambia anataka Ashley awe mkimbiaji.

Kipyego alimfahamu Ashley. Katika mashindano ya shule aliwahi kusimama katikati ya mbio kufunga kamba za viatu, akapata mtu wa kupiga naye soga, na hakuendelea.

"Anakimbia mbio gani?" akauliza.

"Zozote ambazo wakimbiaji wake wanalala mapema."

Kipyego hakucheka. Alisema kuna kitanda karibu na dirisha.

Muhula haukuwa umeisha Ashley aliporudi kuwa Ashley. Alimbishia mama yake juu ya swali la hesabu, na mama alipolirudia, akakuta mtoto yuko sahihi. Walimu wana macho. Yule wa fizikia akaleta mapacha wake, mhasibu akaleta mpwa wake, kisha wazazi wakasikia. Ukumbi ukajaa, wakimbiaji wakamwagika mabwenini, na waliobaki kwenye prepu ya alfajiri wakawa wachache wenye baridi. Bi. Sylvia alijivunia jinsi shule ilivyoamka kimichezo.

Kwa furaha hiyo alitaka wote wapelekwe kwenye mashindano ya kaunti. Ashley akapangiwa mita elfu tatu pamoja na Jemutai. Jemutai alishinda. Ashley alifika wakati waamuzi wakikunja kamba, anatembea, anapungia watu mkono. Madam alisimama kando ya uwanja akiona aibu, halafu akajikuta anapiga makofi.

Bodi ilipokutana, mwenyekiti, mkulima mstaafu wa mahindi aliyependa kukumbusha watu kwamba alisoma kwa taa ya koroboi, aliuliza shule itafanya nini na wakimbiaji wengi wasioweza kukimbia. Madam Nangila alisimama. Alikuwa amejiandaa kusema watoto waachwe walale. Alimtazama mwenyekiti, akasema kwamba wataalamu wamethibitisha mwili wa mwanariadha unahitaji rikavari, yaani kujijenga upya, na kwamba wanafunzi wote waingizwe kwenye mpango wa rikavari ya usiku, kengele isilie mpaka kupambazuke.

"Wazungu wanaitumia?" mwenyekiti akauliza.

Kocha Kipyego akasema wanaitumia sana. Bodi ikapitisha. Tangu siku hiyo hakuna mtoto anayelala katika shule hiyo. Wote wanafanya rikavari, na mzembe ni yule anayekutwa macho.

Matokeo yalipanda, si kwa muujiza, lakini yalipanda. Walimu wa shule moja ya huko juu, upande wa Timboroa, walikuja kujifunza siri. Bi. Sylvia aliwaonyesha uwanja, viatu na vikombe. Kabla hawajaondoka, naibu wao alimvuta Madam pembeni, akamwomba amwambie ukweli, mwalimu kwa mwalimu.

Madam aliangalia huku na huku. "Wanalala," akasema kwa sauti ya chini.

Mgeni alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema anaelewa, kila shule hulinda chake.

Wiki mbili baadaye ilisikika kwamba wamenunua viatu vya mbio, na kwamba watoto wao wanakimbia kwenye umande wa barafu kabla ya prepu. Madam aliamka mapema kumpigia simu yule naibu, amweleze vizuri. Mlinzi aliyepokea alisema naibu hayupo ofisini. Yuko uwanjani na watoto, na huko bado ni giza.