Wasichana Waliobaki Darajani

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Baridi kali, mawingu yameshuka mpaka karibu na mapaa, manyunyu mepesi tangu alfajiri hadi saa nne, lakini hayakutosha kulaza vumbi.

Siku hiyo, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, familia ya marehemu Faustin ilikuwa inaondoa matanga. Mwaka ulikuwa umetimia tangu azikwe. Kwa desturi ya Warundi mjane wake, Gertrude, hakuweza kuvua nguo nyeusi, kwenda harusini wala kuozesha binti yake, mpaka watu wakutane, wanywe pamoja, waseme habari za marehemu, na msiba ufungwe mbele ya mashahidi. Kazi ya kutengeneza pombe alipewa Spès Irangabiye, kwani kambi nzima ilijua kwamba pombe yake ya mtama haimuumizi mtu tumbo.

Spès alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na mguu wa kushoto aliuburuta kidogo, hasa wakati wa baridi. Waliomuuliza habari za mguu huo aliwaambia kwamba alianguka. Hakuwa mwongo kwa tabia. Ila kule kambini watu waliowahi kubeba bunduki hawakutamka neno vita. Walisema "kule juu", basi, na aliyepaswa kuelewa alielewa. Spès alikaa kule juu miaka sita, tangu alipokuwa na miaka kumi na minane, chini ya Faustin, aliyekuwa komanda wao.

Waliotoka kule juu na Faustin walikuwa na desturi yao ndani ya desturi. Walipoondoa matanga ya mmoja wao, walikaa kwenye mabenchi kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Kabla ya kunywa, mkubwa wao alisoma majina ya wenzao waliokufa vitani, na kwa kila jina alimwaga pombe kidogo chini. Kwa wale ambao miili yao haikuzikwa, hilo ndilo lilikuwa kaburi lao. Asiyetajwa mbele ya chungu alikuwa kama mtu ambaye hakuzaliwa.

Karatasi ya majina aliitunza Evariste, mmoja wao, mwenye duka Area 47, Lilongwe. Ilikuwa na majina kumi na moja, yote ya wanaume. Spès alikuwa ameyasikia mara mbili, katika matanga ya wenzao wawili, na mara zote mbili alikuwa jikoni, ameinamia sufuria. Alihesabu kwa vidole akakuta wamepungua wawili, Charlène na Fidès.

Charlène alikuwa na miaka ishirini, mrefu, mcheshi, aliyeweza kuigiza sauti ya komanda yeyote mpaka watu wakashika mbavu. Fidès alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa hapendi kuamshwa. Walikufa asubuhi moja ya mwaka 2002, kwenye daraja la miti, kikosi kilipokuwa kinakimbilia msitu wa Kibira huku wanajeshi wakikikaribia kwa nyuma. Nahayo, aliyekuwa na bunduki kubwa ya mashine, alipigwa wa kwanza. Spès akalala mahali pake akaishika. Faustin alikuwa na risasi ya paja, akavushwa mgongoni mwa mtu. Wasichana watatu wakabaki upande huu wa maji ili wengine wapate kufika upande ule. Spès peke yake ndiye aliyevuka baadaye, akiogelea, na risasi katika mguu.

Vita vilipokwisha na silaha zilipokuja kurudishwa, bunduki moja ilikuwa ni jina moja kwenye orodha ya wapiganaji. Evariste alimwomba Spès ampe yake kwa muda ili aioneshe kwa waandikishaji. Akaionesha kweli, ila kwa jina la binamu yake, ambaye hakuwahi kufika msituni hata kuokota kuni. Spès akaandikwa "mke wa mpiganaji", ingawa hakuwa mke wa mtu, akapewa blanketi na jembe. Hayo alikuwa ameyameza. Alikuwa ameyameza Burundi, ameyameza tena Dzaleka alikofika mwaka 2016 akakuta wenzake wametangulia. Alichoshindwa kukimeza ni wale wawili.

Kwa hiyo wiki moja kabla ya matanga, alipokwenda Lilongwe kununua mtama katika soko la Chilinde, alipanda gari lingine mpaka Area 47 na gunia lake. Evariste alimpokea vizuri, akampa kiti na soda. Ukutani palikuwa na televisheni, na kwenye televisheni palikuwa na gwaride. Safu moja ilikuwa ya askari wanawake, migongo imenyooka, bunduki begani. Mzee mmoja wa Bukavu, aliyekuja kununua sabuni, alitikisa kichwa akauliza kama ni halali kuwapeleka watoto wa kike mbele ya risasi.

Evariste alikuwa na jibu tayari. Alisema gwaride ni sawa, ofisi ni sawa, hospitali ya jeshi ni sawa, lakini mstari wa mbele hapana.

"Mwanamuke kule mbele anauwisha bantu," alisema kwa Kiswahili cha Bukavu. "Mwanaume anaacha kuangalia adui, anaanza kumuangalia yeye."

Spès aliweka soda chini.

"Pale darajani nani aliniangaliaka, Evariste? Mulikuwa munaangalia njia ya kukimbilia."

Mzee wa Bukavu alicheka kwa adabu, asijue anachokicheka. Evariste naye alicheka, akamfungia sabuni, akamsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi hakuwa anacheka. Spès akamweleza shida yake bila kuzunguka: Jumamosi majina yawe kumi na matatu.

Evariste alisema hapana. Hakusema kwa ukali; angesema kwa ukali ingekuwa nafuu. Alisema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini dawa ni chungu, kwamba wale wasichana wana wazazi, na hakuna mzazi atakayefurahi kusikia binti yake alikufia msituni katikati ya wanaume. Alisema watu watauliza mlikuwa mnaishije huko. Alisema heshima ya Faustin itaguswa. Kisha akasema kwamba, tukisema ukweli, wale walikuwa wasaidizi. Walipika, walibeba, na bahati mbaya iliwakuta njiani.

"Mwanamuke hapiganake, dada Spès. Anasaidia. Tutabaombea kimoyomoyo."

Spès alisimama akatoka. Alikuwa amefika barabarani alipogundua kwamba gunia la mtama amelisahau ndani. Ikabidi arudi, ainame mbele ya Evariste, alivute kutoka chini ya kiti na kulitwika, naye Evariste amesimama tu anamtazama, akamtakia safari njema.

Njia nzima hakuona kitu dirishani. Kama mtu angemuuliza swali la yule mzee, je, msichana apewe bunduki, angejibu asipewe, na mvulana naye asipewe, kwa sababu alikuwa anajua bunduki inafanya nini kwa aliye mbele yake na kwa aliyeishika. Lakini wao walipewa. Faustin mwenyewe aliwapa, mkono kwa mkono, na siku ile hakuna aliyesema kwamba mwanamke hapigani. Neno hilo lilipatikana baadaye, wakati wa kuandika majina.

Sehemu ya mtama aliitia kwenye kimea alichokuwa amekwisha kuandaa. Akapika pombe ile kwa siku sita, akiikoroga kwa hasira, na ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza.

Jumamosi uwanja wa Gertrude ulijaa mapema. Kwa sababu ya majirani Wakongomani walisema Kiswahili. Wanaume saba walikaa kuzunguka chungu, mirija mirefu imesimama ndani yake. Kina mama walikuwa nyuma ya nyumba, palipokuwa na moto, lakini ua wenyewe ulikuwa wa magunia yaliyochakaa na kila neno lilipita. Spès alikuwa na mwiko. Kando yake alikuwa Mathilde, fundi cherehani wa Bukavu, anayemenya ndizi.

Evariste alisimama, koti la kijivu, karatasi mkononi. Alimsifu marehemu kwa mambo mengi, na yote yalikuwa kweli. Kisha akafika darajani. Alisema palikuwa na wanaume sita. Alisema wanaume hao walikataa kukimbia. Alisema walilishika daraja saa mbili nzima mpaka komanda akavuka, na kwamba siku ile yeye mwenyewe alijifunza mwanaume ni nini.

Mwiko wa Spès ulisimama ndani ya maharagwe.

"We, usisikilize," Mathilde alimnong'oneza. "Ni banaume banajisifia. Baache, bakishiba batanyamaza. Ona, maharagi inaungua."

Evariste alianza kusoma. Kila jina likafuatwa na tone la pombe, na wanaume waliitikia kwa sauti nzito. La kumi na moja lilipokwisha, karatasi ikakunjwa.

Spès alimpa Mathilde mwiko, akajifuta mikono kwenye kitenge, akapita kwenye uwazi wa ua akaenda kusimama mbele ya chungu, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyekuwa amesimama siku hiyo.

"Bado babili," alisema.

Evariste alitabasamu, akawatazama wenzake.

"Dada Spès, chakula kimeiva?"

Watu wakacheka. Spès alingoja kicheko kiishe.

"Charlène na Fidès. Bado babili. Soma."

Evariste alimwambia kwamba hayo watayazungumza kesho, kwamba leo ni siku ya Faustin, kwamba maneno ya kule juu hayasemwi mbele ya wageni. Spès alimwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekwisha kuyasema, tena vibaya. Akawageukia watu, akayasema upya. Hakupandisha sauti.

"Nahayo alipigwa wa kwanza. Mi njo nilishika mashini yake. Fidès alikuwa ananipatia risasi, Charlène alikuwa upande wa maji. Faustin alikuwa anavushwa mugongoni. We Evariste ulikuwa mbele yake, mbali. Ulikuwa umeacha kiatu kimoja kwa matope. Nilikiona."

Safari hii hakuna aliyecheka. Spès alimtazama Havyarimana, mtengeneza baiskeli wa waendesha kabaza, zile teksi za baiskeli, mzee mpole aliyekaa mwisho wa benchi. Mgongo uliomvusha Faustin ulikuwa wake. Alikuwa amesikia bunduki ile nyuma yake hatua zote za daraja, na alijua ilikuwa mikononi mwa nani.

"Kaka Havyarimana. Bambie."

Havyarimana aliinamisha kichwa. Watu wote walikuwa wanamngoja. Akaushika mrija wake kwa vidole viwili, akauleta mdomoni, akanywa.

Maneno ya Evariste Spès angeweza kuyavumilia mpaka jioni, kwa kuwa alikwisha kuyazoea. Kule kunywa hakukuvumilia. Aliinama akang'oa mirija, ule wa Havyarimana kwanza, ukimtoka mdomoni, kisha mingine sita, akaitupa. Akakikumbatia chungu kwa mikono miwili. Lita ishirini. Wanaume walidhani anataka kukiondoa, na wawili wakanyoosha mikono kumzuia, lakini alikuwa na mabega yale yale, akakiinamisha. Pombe yote ikamwagika. Ikapita kati ya viatu vyao, ikawalowesha soksi, ikaenda mpaka ukutani.

"Hii ya Charlène," alisema. "Na hii ya Fidès."

Aliyelia wa kwanza alikuwa Gertrude. Alitoka mlangoni na nguo yake nyeusi, akayaona matope, akashika kichwa. Bila pombe matanga hayakuweza kuondolewa. Evariste alikuwa anapiga kelele kuhusu soksi na heshima, lakini Spès alimsikia Gertrude tu.

"Nimekufanya nini, Spès? Mwaka muzima nangojea hii siku. Umenimwagia mume wangu."

Spès aliokota kitenge chake kilichoanguka akaondoka, na watu wakampisha njia pana kuliko iliyohitajika. Kwake alikaa kitandani na viatu. Kwa Evariste hakujuta hata chembe. Kwa Gertrude alijuta, na majuto hayo yakamzidishia hasira, kwa kuwa hata kujuta kwake, aliona, walikuwa wamempangia wanaume wale.

Kesho yake, Jumapili, hakwenda kanisani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi aliutwika mtama uliobaki, akaenda kwa Gertrude, akachukua beseni kubwa, akaanza kuuosha uani bila kubisha hodi. Gertrude alitoka akasimama mbele yake, bado katika nguo nyeusi.

"Sitaki pombe yako."

"Siyo yangu, ni ya matanga yako. Kimea kimeisha, lakini baada ya siku kumi itakuwa tayari."

Gertrude aliutazama mtama ndani ya beseni. Kisha alisema, akitazama pembeni, kwamba Faustin alimwambia. Mwaka wa kwanza wa ndoa alimwambia kwamba uhai wake uliokolewa na wasichana watatu, na kwamba mmoja yuko hai.

"Mi njo nilimukatalia," Gertrude alisema. "Nilimwambia asikutaje mu nyumba yangu. Nilikuwa na wivu."

Mikono ya Spès ilisimama ndani ya maji. Miaka yote ile alikuwa amedhani Faustin alisahau. Alitaka kusema neno baya, akalirudisha, akamwaga maji machafu, akatia mengine.

"Majina nitayasoma mi," alisema mwishowe. "Kumi na matatu. Ukikataa, natwika mtama yangu sasa hivi."

Gertrude aliingia ndani, akarudi na gunia la kufunikia beseni. Wakalifunika pamoja bila kutazamana. Spès alijikung'uta mikono, akatoka uani akiburuta mguu, akaenda moja kwa moja mpaka nyumbani kwa Havyarimana, kumdai ushahidi wake, akaugonga mlango kwa ngumi.