Paa la Kuezuliwa

Mwezi uliopita fundi anayenichimbia msingi wa ukuta aliniita kwa sauti ya mtu aliyeokota dhahabu. "Bosi! Njoo uone. Hapa palikuwa na bucha?" Mkononi alishika kulabu ya chuma, nene kama kidole gumba, imeliwa na kutu lakini ncha yake bado imepinda vilevile. Wasaidizi wake wakacheka. Mmoja akasema ni ya kuning'inizia ng'ombe, mwingine akaapa ni ya mganga na hatoigusa. Mimi niliichukua, nikaipangusa mchanga kwa leso yangu, na palepale nikajua nimesimama wapi. Mlango wa nyanya yangu ulikuwa hapo, na mti wa kulabu hii ulikuwa ukiegemea ukuta kando yake.

Wewe rafiki yangu, kama ulikulia Ganda miaka ile ya themanini, huenda unanijua. Mimi ndiye yule mtoto wa kwa nyanya aliyekwenda shule miguu mitupu, akapata diploma ya ujenzi kule Mombasa, akafanya kazi Arabuni mpaka Waarabu wenyewe wakawa wanamwita mhandisi, na sasa amerudi kusimamisha ghorofa mahali ambapo hapajawahi kulala tofali. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Juu sikuweka makuti wala mabati, nimemwaga zege. Ukipita barabara ya kwenda Malindi mjini utaiona, huwezi kuikosa. Na kama ni kujisifu, basi najisifu, kwa kuwa najua nilipotokea.

Nilitokea kwenye safu ya nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, zimekaribiana hivi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia afya bila kupandisha sauti. Upande wa kaskazini mwisho alikaa jirani mmoja wa bara, aliyekuwa mpishi hotelini. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mabati. Alifuatiwa na fundi charahani, kisha mama wa mahamri, kisha sisi, na baada yetu nyumba nyingine chache kuelekea kusini. Asubuhi harufu ya iliki na nazi ilitoka kwa mama wa mahamri ikatuamsha kabla ya jogoo. Mchana ulisikia charahani ya fundi ikikimbia, ikisimama, ikikimbia tena. Jioni mabati ya yule mpishi yalilia ta, ta, yakipoa.

Ulipoingia msimu wa kaskazi, ule upepo mkavu unaopasua midomo, makuti yalikauka mpaka yakawa yanalia ukiyagusa. Hapo nyanya alianza matayarisho yake. Mtungi mkubwa ulijazwa maji na kuwekwa mlangoni, na ole wako uyanywe. Rundo la mchanga lilimwagwa kando ya jiko, na paka wote wa mtaa wakaligeuza choo, tukawa tunalichekecha kila Jumamosi huku tumeziba pua. Magunia yaliloweshwa. Kisha kila mtoto alipewa kitu kimoja cha kukimbia nacho. Dada yangu alipewa kibuyu cha mbegu za mahindi na kunde. Mimi nilipewa kuku anayeatamia, pamoja na ungo wake na mayai yake.

Tulifanyishwa mazoezi. Umekaa, ugali ndio kwanza umeepuliwa, mchuzi wa samaki unafuka, umekata tonge la kwanza, nyanya anapaza sauti: "Moto!" Basi mnaacha chakula mnatimka. Kuku yule alinichukia. Alinidonoa mikono yote, na majirani wakatoka kutazama kama ngoma. Yule mpishi alikuwa akijipiga mapaja kwa kicheko.

"Mama, hii moto yenu inakujanga lini? Kila mwaka mnaikimbia na haijafika!"

"Moto haubishi hodi, mwanangu," nyanya alimjibu.

"Mimi niko na mabati. Wacha ije."

Fundi charahani akadakia toka dirishani, sindano mdomoni, "Mabati gani, we! Adhuhuri unaivia humo ndani kama mkate."

Lakini tayarisho kubwa halikuwa la maji wala mchanga. Safu yetu ilikuwa na desturi yake. Moto wa makuti hauzimwi kwa mtungi, kila mtu alilijua hilo. Unazuiwa kwa kuukosesha njia. Nyumba moja lazima iezuliwe, makuti yake yote yavutwe chini kabla moto haujafika, ili ukikuta kuta tupu ukome hapo. Kwa hiyo kila kaskazi ilipokaribia, majirani walipita nyumba hadi nyumba, wakichokoa mapaa kwa ule mti wa kulabu, na paa lililoonekana bovu kuliko yote ndilo lililohukumiwa. Mwenye paa alikubali mbele ya wote. Wengine walishika nguzo ya baraza yake, mmoja mmoja, wakaahidi: likivutwa, tutakuezekea upya. Kisha mti wa kulabu ulirudi kuegemea mlangoni kwetu.

Miaka mingi paa lililohukumiwa lilikuwa la nyanya. Alikuwa mjane, na makuti yake yalikuwa yamekuwa meusi na membamba, nyota ulizihesabu ukiwa kitandani. Kaskazi nzima alilala usingizi wa mang'amung'amu, kwa kuwa moshi wowote katika safu ile ulimaanisha paa lake kuvutwa. Hakulalamika. Ila mwaka mmoja, masika yalipokwisha, alianza kushona makuti. Alishona asubuhi, akashona akipika, akashona akisimulia hadithi. Vidole vilipasuka akavipaka mafuta ya nazi akaendelea. Sisi tulikuwa wa kuloweka majani na kupanga. Lilipoezekwa lile paa jipya, rafiki yangu, nyumba ilinukia kama shamba baada ya mvua. Lilikuwa nene, la rangi ya asali, limefungwa kwa kamba za makumbi zilizokazwa na mkono wake mwenyewe.

Kaskazi iliyofuata majirani walipita kama kawaida. Wakafika kwetu, wakatazama juu, wakapiga vigelegele. Walipochokoa kwa fundi charahani, lilianguka vumbi na kiota cha panya.

"Basi mwaka huu mbuzi wa kafara ni mimi," alisema fundi, akijipangusa kichwa.

"Hilo paa lako hata panya wamelihama," mama wa mahamri akamwambia. "Utatushukuru."

Nyanya alikuwa wa kwanza kuishika nguzo yake. "Fundi, likivutwa nitakushonea mimi." Akarudi nyumbani akiimba. Usiku ule alikoroma, jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Moto ulikuja alasiri, jua likiwa bado kali. Ulianza jikoni kwa mama wa mahamri. Mafuta ya karai yaliruka, yakalamba makuti ya kibanda, na kabla hajamaliza kupiga yowe paa lake lote lilikuwa linalia kama bisi kwenye chungu. Mimi nilimkamata kuku, ungo na mayai, nikatoka mbio mpaka kwenye mikorosho ng'ambo ya njia, bila kuvunja hata yai moja. Dada akatoka na kibuyu. Kila kitu kilikwenda kama tulivyofundishwa.

Ila moto ulikuwa umeanzia upande usio wake. Sijui nikueleze vipi. Nyumba ya fundi, iliyohukumiwa, ilikuwa kaskazini ya moto, na upepo ulikuwa unatoka huko. Paa lake bovu lilisimama pale salama salimini, hata cheche halikupata. Mbele ya moto lilikuwa paa jipya la nyanya, na nyuma yake nyumba zile nyingine, moja yao ikiwa na mama aliyejifungua juzijuzi.

Watu walikusanyika na miti, mapanga na magunia yanayochuruzika maji. Wakasimama. Kila mmoja alikuwa anamtazama nyanya, na akitazamwa na nyanya anatazama chini. Hakukuwa na ahadi juu ya paa lile. Nguzo yake haikushikwa na mtu. Fundi charahani alikuwa na mti wa kulabu mikononi na machozi yanamtoka.

"Mama," alisema, "langu lipo. Wallahi ningelitoa langu."

"Lako liko nyuma, fundi. Hebu niletee huo mti."

Aliuchukua mti mwenyewe, akauinua, kulabu ikashika kwenye makuti yake ya asali, akavuta. Hayakuja. Alikuwa ameyafunga vizuri mno. Akavuta tena, mwili wote unaning'inia. Hapo yule mpishi wa bara, aliyekuwa akitucheka, alivua shati lake la kazi akapanda ukutani. "Mama, nianze wapi?"

"Kata kamba. Anzia pembeni. Kata tu, usinitazame."

Walikata. Makuti yakashuka kwa mafungu, yakaburutwa na watoto na akina mama mpaka mbali, mpaka zikabaki kuta na fito. Niliona kitanda chetu kinapigwa na jua, kitu ambacho kitanda hakipaswi kukiona. Nyanya alisimama, mtungi wake wa maji ukiwa mlangoni bado umejaa, na moto ulifika kwenye kuta tupu ukasita. Wallahi ulisita. Watu walianza kutaja jina la Mungu.

Kisha upepo ukavuma. Vipande vya makuti vyenye moto viliinuka toka kwa mama wa mahamri, vikapita juu ya nyumba yetu kama kunguru wekundu, bila haraka, tukivitazama sote tumeinua vichwa, na vikatua kwenye paa la jirani wa upande wa pili. Huko hakukuwa na mtu mwenye kulabu. Yule mzazi na kichanga chake walitolewa mapema, alhamdulillahi, na hakufa mtu. Lakini nyumba zote za kusini zilikwenda. Mtungi wa nyanya uliingiwa na jivu.

Jioni nyumba iliyokuwa na paa, ukiacha lile tanuri la mabati la mpishi, ilikuwa moja tu: ya fundi charahani. Tulilala wote chini ya lile paa tulilolihukumu, tumepangana kama dagaa, vumbi la panya likitudondokea. Mama wa mahamri alilia mpaka akaishiwa na sauti. Nyanya alimwambia, "Nyamaza, moto haukukuuliza." Kuku wangu aliyakataa mayai yake.

Desturi ya kuezekeana ilikuwepo, na watu wetu si waongo. Lakini nani amwezekee nani, kila mtu akiwa amelala nje? Minazi ya karibu ilikwisha majani. Nyanya alianza kushona tena, vidole vilevile, na masika yakamkuta hajafika hata nusu. Tulizifunika kuta zake kwa magunia na majamvi. Mvua ilinyesha usiku na mchana. Udongo ulilainika, ukatelemka, fito zikatokeza kama mbavu, na nyumba iliyookoka moto ikayeyuka mbele yetu. Nyanya alikaa barazani kwa fundi akiitazama ikienda, kuti alilokuwa akilishona limelala mapajani.

Hakujenga tena. Alifia chini ya paa la fundi, mimi nikiwa chuoni, kwenye somo la kuta.

Leo safu ile haipo. Kuna viwanja, na kuta, na mageti, na ving'ora vya watu nisiowajua kwa sura. Nyumba yangu haiungui kirahisi, hilo nakuhakikishia kwa diploma yangu. Nina mtungi mwekundu wa kuzimia moto kila chumba. Ukuta ninaojenga utakuwa na vigae vya chupa juu.

Jioni ile, mafundi walipoondoka, niliifunga kulabu kwenye mti mrefu na kuinua kuelekea nyumba yangu. Sijui nilitaka nini. Niliipitisha pembeni mwa zege, toka kona hii hadi kona ile, nikivuta kama alivyovuta nyanya siku ile. Ilikwaruza, ikateleza, ikakwaruza tena. Hapakuwa na mahali pa kushika. Nikageuka kumtafuta jirani wa kumwonyesha, nikauona mtaro wa msingi wa ukuta wangu.