Mvua Iliyonyesha Mjini Tu

Wapendwa, mniwie radhi kwa kujisifu. Leo, nikiwa hapa Doha, nimeiona kiu ya mizabibu yangu ya Dodoma kabla ya yule anayeitunza.

Picha ya setilaiti kwenye simu ilionyesha kona ya mashariki imeanza kuwa manjano.

Ni kona aliyoipanda marehemu mke wangu kwa mikono yake.

Nikampigia kaka yake, shemeji yangu, mtunzaji wa shamba.

"Tulia, shemeji! Jana mvua imepiga mpaka mabati yamelia. Wewe endesha gari la tajiri wako, shamba niachie mimi."

Nikafungua taarifa za hali ya hewa. (Samahani, nilizisoma mara tatu.)

"Uniwie radhi, shemeji. Mvua hiyo imenyesha mjini. Shambani halijadondoka hata tone. Je, ulilala mjini?"



Akashusha sauti: "Nani amekwambia?"

Jioni hii amenitumia video. Amezibua bomba lililojaa tope, na maji yanatiririka chini ya mizabibu ya dada yake.

"Yote iko hai, Bwana Shamba," anasema.

Miaka yote huniita Dereva.

Mtanisamehe nikiringa mpaka Jumapili?