Wanawake Waliokataa Kusaini

Kuna watu wakikosewa wananung'unika pembeni, yanaisha. Modesta hakuumbwa hivyo. Yeye akikosewa anauliza, akijibiwa ovyo anauliza tena, mpaka aliyemkosea anatamani ardhi ipasuke aingie. Pale mwaloni Nyashigulu, ufuko wa kushushia samaki upande wa Magu, wanaume walikuwa wakimwona anashuka mteremko na karai lake kichwani wanaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Wacheke tu. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, aliyezaliwa Ukerewe, akaolewa na Nestory fundi baiskeli, akasomesha watoto wanne kwa dagaa, wa kwanza Rose, hafi kwa kuchekwa.

Kazi yake ni kuanika dagaa. Mitumbwi ya dagaa hutoka siku za giza, mwezi usipoonekana, kwa sababu dagaa hufuata taa. Alfajiri inarudi, wanawake wananunua dagaa wabichi na kuwahi kuwatandaza mchangani, kisha wanashinda juani wakigeuza na kufukuza kunguru. Dagaa hawana subira. Ukiwaacha kwenye karai mpaka jua likakaza, umekula hasara. Mbalamwezi ikija, kazi inasimama kabisa. Wanaume wanashona nyavu na kubishana juu ya mpira, wanawake nao wanapata nafasi ya kukaa chini.

Sasa tatizo lilikuwa kwenye kununua. Dagaa waliuzwa mtumbwini, majini, na nahodha ndiye aliyechagua nani achote. Ukimpendeza unachota wa kwanza. Usipompendeza unaambiwa wamekwisha, na huku unawaona kwa macho yako wanang'aa mtumbwini. Na kumpendeza nahodha maana yake kila mtu aliijua, msinilazimishe kufafanua. Wengine waliita mila ya ziwa. Mila gani hiyo! Modesta aliwahi kupelekwa kwenye semina ya haki za wanawake Misungwi, siku mbili, wali na soda. Wenzake walirudi na fulana. Yeye alirudi na jina la ile mila, rushwa ya ngono, na hasira ya kutosha kumfikisha uzeeni.

Toka hapo, kwa miaka minne, alipeleka hoja ile ile kwenye mkutano mkuu wa mwalo: dagaa washushwe mchangani, wauzwe hadharani, kwa foleni na kwa namba. Alipita nyumba kwa nyumba kuisemea. Wanawake walikuwa wanamkubalia vizuri tu, wanamkaribisha na viazi. Kila mwaka jibu lilikuja kwamba hoja imekataliwa, na Modesta hakuelewa inakataliwaje.

Mwaka huu Hellen akaja kwake akilia.

Hellen alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, ana watoto wawili, baba yao alikwenda machimboni akasahau njia ya kurudi. Alikuwa ananunua kwa Elias, nahodha wa mtumbwi uliokuwa unavua kuliko yote pale.

"Mama, Elias ameniambia giza lijalo ni la mwisho," alisema. "Nikitaka dagaa niende mwenyewe kambini kwake. Nisipokwenda nisije hata kusimama ufukweni."

"Wewe umemjibuje?"

"Sijamjibu. Nimjibu nini? Nina kazi gani nyingine?"

Modesta alihesabu siku kwa vidole. Mkutano mkuu ulikuwa umetangazwa wiki ijayo. Ikipita hoja, Hellen atanunua kwa namba kama watu. Isipopita, basi tena, ama aende kambini ama watoto walale njaa. "Usimjibu," alimwambia. "Nipe hiyo wiki."

Asubuhi alikwenda ofisi ya mwalo. Mwenyekiti, mzee Mashimba, alikuwa anakunywa chai ya maziwa.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Rose. Leo unauliza nini?"

"Naomba muhtasari wa mkutano wa mwaka jana."

"Wa kufanyia nini?"

"Wa kusoma."

Mzee alicheka, akamtolea kutoka kabatini. Hakuna mtu aliyewahi kuuomba, na mzee hakuona la kuficha. Modesta alisoma amesimama. Waliohudhuria mia moja na kumi na mmoja, wanaume arobaini na watano, wanawake sitini na sita. Hoja ya kuuza dagaa mchangani: imekataliwa na wajumbe wote. Chini yake sahihi, na sahihi ya tisa ilikuwa ya kwake.

"Mimi nilikataa hoja yangu mwenyewe?"

"Si ulikuwepo? Sahihi yako hiyo."

"Nilikuwa mchangani nageuza dagaa!"

"Sasa Mama Rose, umesaini, halafu hukuja kukaa. Sisi tufanyeje? Tulijua mmetuachia tuwaamulie."

Na aliyasema hayo bila ubaya wowote, ndicho kilichomuuma zaidi. Maana utaratibu ulikuwa hivi. Mkutano uliitwa siku za giza, saa mbili asubuhi, wakati ambao mwanamke hawezi kuacha dagaa wake hata kidogo. Mwenyekiti, kwa huruma zake, alikuwa anawafuata na daftari la mahudhurio huko huko mchangani, ili kina mama wasisumbuke. Nao walifuta mikono kwenye kanga, wakasaini, wakasema asante. Kisha mwenyekiti anarudi kivulini, wanaume wanaamua, na majina ya wanawake yanahesabiwa kuwa yamekubali. Miaka minne Modesta amehangaika mlango kwa mlango, na kila mwaka alimaliza kwa kuizika hoja yake kwa kalamu na kushukuru juu yake.

Tuseme ukweli, njiani alilia. Alilia kwa aibu, akajitukana, akafuta uso. Halafu akarudi pale pale ofisini, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kimemjia.

"Mwenyekiti, samahani. Wajumbe walioandikishwa ni wangapi?"

"Mia moja na kumi na wanane."

"Na mkutano unaanza wakiwa wangapi?"

"Nusu. Hamsini na tisa."

"Na wanaume wote wa mwalo huu, hata wagonjwa, wako wangapi?"

Mzee alifikiri kidogo. "Hamsini na wawili," alisema, akaendelea na chai yake.

Jioni hiyo hiyo alianza kupita tena nyumba kwa nyumba, na safari hii hakuwa na hotuba. Alikuwa na neno moja tu, msisaini. Mnaona ilivyo rahisi? Haikuwa rahisi. Kuwaambia wanawake wa pale wadai ilikuwa kazi nyepesi kuliko kuwaambia wamkatalie mzee aliyewafuata kwa upole mpaka walipo.

"Mwenyekiti anajisumbua na jua lote lile, sisi tumrudishie daftari lake?" alisema Dorcas, jirani yake wa mchangani. "Tutaonekana hatuna adabu."

"Adabu tumekuwa nayo miaka minne, Dorcas. Imetupa nini?"

Wengine waliuliza swali la maana zaidi: mitumbwi ikitunyima? Modesta hakudanganya. Aliwaambia inaweza kuwanyima, na kwamba yeye ndiye atakayeanziwa. Kuna nyumba alikunywa uji mpaka mwisho akatoka bila jibu. Kuna nyumba alifungiwa mlango. Nestory, mumewe, alimsikiliza siku tatu bila kusema, siku ya nne akiwa anaziba pancha akauliza, "Na mkikosa dagaa, tutakula nini?"

"Pancha," Modesta alimjibu.

Nestory alicheka mpaka gundi ikamkaukia mkononi. Hakuuliza tena.

Siku ya mkutano mitumbwi ilirudi imejaa. Wanawake walitandaza haraka haraka, na saa mbili rimu ya gari ikagongwa kuita watu. Mzee Mashimba alishuka mchangani na daftari kwapani, kalamu mfukoni, na Elias pembeni yake akitafuna muwa. Alianza kwa Modesta.

"Mama Rose, weka sahihi."

"Leo hapana, mwenyekiti. Nitasaini mkutano nitakaokaa."

Mzee alidhani ni utani. Akaenda kwa Dorcas. Dorcas aliinama akageuza dagaa ambao hawakuhitaji kugeuzwa, akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi hivyo hivyo, mwenyekiti, nisamehe." Wa tatu akatikisa kichwa. Wa nne, wa tano. Wawili walisaini, na hakuna aliyewasema, kila mtu ana nyumba yake. Mzee alianza kutokwa jasho. Alitazama ufuko mzima, wanawake sitini na kitu wameinama, hakuna anayenyoosha mkono kupokea kalamu.

Wa mwisho kabisa alikuwa Hellen.

"Saini tuondoke," Elias alimwambia, wala hakupunguza sauti. "Ukikataa leo, usije kuniuliza dagaa maisha."

Hellen alipokea kalamu. Modesta alikuwa mbali, hakuweza kufanya lolote. Alijua kabisa kwamba binti akisaini hataweza kumlaumu, yeye anaye mume na baiskeli za watu uani, mwenzie ana nini? Hellen aliishika ile kalamu muda mrefu. Kisha akairudisha mkononi mwa mzee.

"Hata nikisaini, Elias, utanidai kile kile ulichonidai," alisema. Sauti yake ilifika mpaka kwenye nyavu. "Nije kambini kwako ndiyo unipe dagaa. Kwa hiyo sisaini. Mwenyekiti, umesikia?"

Loo! Migongo yote iliyoinama ikanyooka. Mzee Mashimba ana mabinti watano. Alimgeukia Elias, akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, na Elias akatazama ziwani. Mzee alifunga daftari akapanda mteremko polepole.

Kivulini mtendaji wa kijiji, Pius, mtu wa kufuata karatasi, alihesabu majina. Arobaini na saba. "Akidi haijatimia," alitangaza. "Hapa hakuna mkutano. Semeni siku nyingine."

"Mbalamwezi," Modesta alijibu kutoka mchangani, amesimama na dagaa mikononi. "Saa nane mchana. Tutakuja wote."

Siku tatu zilizofuata manahodha walikubaliana wasimuuzie mwanamke yeyote. Modesta alishinda nyumbani hana cha kuanika, na usidhani hakuogopa. Aliogopa sana. Alipita kwa Hellen akamkuta anapika mlenda kwa mara ya pili mfululizo, akampelekea unga, wakasonga ugali pamoja. Wanawake wawili walimsimamisha njiani wakamwambia amewaponza. Aliwaambia wavumilie kidogo, na hakujua kidogo hicho ni siku ngapi. Lakini huko ufukweni dagaa nao walikuwa wanatoa uamuzi wao. Wanaume walijaribu kuanika, wakawarundika, wakaenda kunywa chai. Siku ya pili harufu ilifika shuleni. Siku ya tatu mwenye mitumbwi alipiga simu kutoka Igogo, mjini, akiuliza pesa yake ya mauzo iko wapi, na matusi aliyoyatoa nayaacha huko huko kwenye simu. Siku ya nne waliuza, kwa kila aliyekuja.

Mbalamwezi ilipofika, wanawake walikaa mbele. Walisaini wenyewe, mezani, wakiwa wamekauka mikono na kuvaa vitenge vya kanisani. Maneno yalikuwa mengi. Elias alisema foleni italeta fujo, mwingine akasema huko ni kuiga mambo ya mjini. Modesta alisema kwa ufupi kuliko walivyotegemea: mwanamke anunue dagaa kwa pesa yake na si kwa kitu kingine. Mzee Mashimba mwenyewe ndiye aliyeomba mikono inyooshwe. Alihesabu mara mbili, sabini na watatu, na wanaume tisa walikuwa humo. Mmoja wao ni yeye.

Alfajiri ya kwanza ya giza lililofuata, Modesta aligawa namba alizoandika kwenye vipande vya boksi. Aligawa kwa kila aliyefika, akawapanga, akaamua ugomvi, na alipokumbuka kujiandikia yake ilikuwa sitini na moja. Elias alishusha dagaa mchangani amekunja uso. Hellen alikuwa namba tatu. Aliweka karai, akatoa pesa, akajaziwa. Elias hakumtazama. "Mwingine!" aliita tu, na Hellen akaondoka na dagaa wake.

Walifika namba hamsini na nne dagaa wakaisha. Dorcas alikuwa amemwona mapema akamwita, "Mama Rose, njoo upite mbele bwana, haya mambo si yako?" Modesta alikataa, akabaki kwenye nafasi yake mpaka mtumbwi wa mwisho ukaoshwa.

Alirudi nyumbani na karai tupu. Nestory alimwona akaacha baiskeli.

"Wamekunyima tena?"

"Hakuna aliyeninyima," Modesta alisema. Aliketi kwenye kigoda, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Wameisha tu, Nestory. Nimekosa kwa sababu wameisha."