Pembe Ndani ya Ngumi

Nimekuwa mlinzi wa jengo la kupanga hapa Al Nahda, Uarabuni, kwa miaka sita, na ripoti niliyoiandika vizuri kuliko zote ndiyo ninayoijutia. Haikuwa na kosa hata moja la Kiingereza. Msimamizi aliibandika ukutani ili wenzangu waige.

Niliyemwandika alikuwa yaya wa ghorofa ya kumi na moja, mwanamke Mhindi wa Kerala, rika la mama yangu. Nilimwita chechi, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao. Kiswahili alikuwa nacho, tena kitamu, kwa sababu kabla ya hapo aliwalea watoto wa familia moja ya Kizanzibari kule Deira. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu wa kazi, binti yake amalize chuo cha uuguzi, halafu arudi kwao.

Tulizoeana siku aliyonikuta nalia kwenye chumba cha mapipa ya taka. Mwanamume mmoja alikuwa ananifuata kila nikitoka kazini, na siku hiyo alikuwa amenishika mkono. Chechi hakunipa pole. Alifungua ngumi yake, nikaona kipande cha pembe ya nyati, urefu wa kidole cha kati, kimechongwa butu kote kuwili. Kumbe alikuwa nacho muda wote tunaongea, na mimi, mlinzi ninayelipwa kuona, sikukiona.

Baba yake alikuwa mwalimu wa kalari, mapigano ya jadi ya kwao. Alinisimulia kuhusu kucha za chuma za zamani: kwa nje mtu anaona pete mbili tu vidoleni, kumbe makali yamejikunja kiganjani. Kulikuwa na visu vifupi vya kuficha kwenye mkunjo wa nguo kiunoni. Hivyo ni vya kuua, alisema, na baba yake hakutaka binti yake ajue kuua. Alimfundisha pembe, na mahali pa kubonyeza: chini ya sikio, juu ya mtulinga, kwenye shina la kidole gumba. Pembe hiyohiyo humkanda mgonjwa wa mgongo.

Alisema atanifundisha, ila kwao mwanafunzi huanza kwa kugusa sakafu, kisha paji la uso. Nikamwambia mimi ni Muislamu, siinamii sakafu ya mtu. Akacheka, akasema sakafu niiache ila ahadi niishike: nisionyeshe ufundi huo mbele za watu, wala nisimtaje aliyenifundisha. Nikaahidi haraka, kama mtu anayeahidi kurudisha kikombe.

Yule mwanamume aliponishika tena, nilimbonyeza shina la kidole gumba. Aliniachia, na sikumwona tena. Ningeishia hapo. Lakini mimi nina mdomo, na safari hii mdomo ulipata kiburi.

Mchana mmoja kwenye chumba cha walinzi, msimamizi wetu, Mkenya mmoja mpenda utani, alisema walinzi wa kike tunawekwa mlangoni kama maua. Nikamwambia anishike mkono. Nilitumia kalamu tu, akapiga magoti mbele ya watu wanane. Wenzangu walicheka mpaka chai ikamwagika. Yeye hakucheka, aliuliza nani amenifundisha.

Nikasema. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka wajue kwamba nina mwalimu, kwamba sikubahatisha. Nikataja ghorofa, nikataja na pembe.

"Andika hiyo kitu yote," alisema. "Silaha kwa nyumba iko na watoto. Usipoandika, ni wewe unaficha."

Ningeweza kusema ni kifaa cha kukandia, na nisingekuwa nimesema uongo. Niliogopa kufukuzwa, basi. Kwenye fomu yetu kuna kisanduku kinachouliza aina ya kitu. Nikaandika silaha iliyofichwa, nikapiga mstari chini yake.

Madam wake aliisoma karatasi ile asubuhi iliyofuata, akasema khalas, imekwisha, tiketi ya kumrudisha kwao ikakatwa. Watoto wale chechi aliwalea tangu wachanga, lakini hawakuletwa kumuaga. Binti yake alibaki na mwaka mzima wa chuo na mama asiye na kazi.

Siku ya kuondoka nilikuwa zamu ya mlangoni. Msimamizi alimshusha kwa lifti, amemkamata kifundo cha mkono kama mwizi. Kidole gumba cha msimamizi kilikuwa wazi kabisa. Nilijua, na chechi alijua, kwamba ni kubonyeza mara moja tu. Nilikuwa naomba, wallahi, nilikuwa naomba amwangushe palepale, roho yangu itulie.

Alipofika karibu yangu aliona macho yangu yalipo.

"Simgusi, mwanangu," alisema taratibu. "Nikimgusa, uliyoyaandika yatakuwa kweli."

Nikawafungulia mlango.