Kugonga Mara Mbili

Simu iliita nikiwa namkata mama kucha za miguu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeingia hadi katikati ya chumba, na mama alikuwa akinionya nisimkate nyama. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikauliza kama mimi ndiye mdogo wake Mwalimu. Nikasema ndimi. Nyuma yake nilisikia cherehani ikikimbia, kisha ikasimama, na hapo nikajua.

"Pole sana, kaka. Mwalimu ametutoka jana jioni. Aliegemeza kichwa mezani baada ya darasa, tukadhani amesinzia."

Mama hakupiga yowe. Aliurudisha mguu wake taratibu, akaufunika kwa shuka.

"Ni dada yako," akasema. Hakuwa anauliza.

Dada yangu alikuwa na miaka hamsini na minane. Kwa miaka thelathini alikuwa karani wa masjala, mtu wa kutafuta mafaili yaliyopotea. Hakuolewa, hakuzaa. Alinisomesha hadi kidato cha nne, na kila Jumapili baada ya ibada alinipigia viatu rangi kana kwamba kesho yake ningekaguliwa na malaika. Alipostaafu alitangaza kwamba anavuka mpaka, anakwenda kujitolea kuwafundisha Kiingereza watu wazima katika mtaa wa mafundi.

Nilicheka. Mungu anisamehe.

"Dada, Kiingereza chenyewe unakisema huku unatetemeka!"

"Basi tutatetemeka pamoja," akajibu, akaendelea kukunja nguo zake.

Ni kweli alitetemeka tangu utotoni. Baba yetu alikuwa seremala. Kila alipomaliza meza, kabla hajaikabidhi kwa mteja, aliigonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, ko, ko, akisikiliza kama imekaza. Dada aliichukua tabia hiyo akaenda nayo shuleni. Akitakiwa kusema Kiingereza aligonga kwanza dawati mara mbili, ndipo maneno yakatoka. Nilimtania kwa hilo mpaka tukaota mvi.

"Nenda," mama aliniambia siku ile. "Mimi na miguu hii siendi popote. Ukaone kwa macho yako kama mwanangu alikuwa na watu. Kama alikuwa nao, mwache alale kwao. Kama alikuwa peke yake, mlete nyumbani, hata kwa kumbeba mgongoni."

"Nitajuaje, mama?"

"Utajua. Si alikusomesha?"

Basi la alfajiri ya kesho yake lilikwenda mchana kutwa. Nililala, nikaamka, nikalala tena, na vilima vilipita dirishani vikiwa vimevaa ukungu, kimoja baada ya kingine, hata sikujua tena vipi vilikuwa vya kweli na vipi vya usingizini. Mara moja nilimwona dada amesimama kando ya barabara ameshika faili, ananitafuta. Nikaomba moyoni: Ee Mungu, nionyeshe, mimi sijui kutazama.

Aliyenipokea ni yule wa kwenye simu. Wote walimwita Mama Cherehani, na darasa lilikuwa karakana yake. Mlikuwa na cherehani sita, zikiwa ndizo madawati. Ukutani kilitundikwa kitambaa cheusi, na juu yake mwandiko wa dada kwa chaki ya kukatia nguo. Nuru iliyopita kwenye magauni yaliyoning'inia iliangukia maneno yale ikiwa na rangi ya waridi.

"Kila jioni tunakikung'uta, kesho tunaanza upya," alisema. "Safari hii nani atakigusa?"

Chumba cha dada kilikuwa nyuma. Kitanda, kitabu cha sala, ndoo. Kwenye rafu palikuwa na kikombe kimoja. Kimoja tu. Nilikaa kitandani nikakitazama. Miaka miwili ugenini, na hakuwa na kikombe cha kumpa mgeni. Nikaamua nitamrudisha nyumbani.

Nilipotoka, karakana ilikuwa imejaa watu wazima: mafundi, wapishi, dobi, na mzee mmoja mwenye sare ya ulinzi. Mlinzi akasogea kwenye cherehani iliyokuwa karibu nami. Akagonga meza yake mara mbili. Ko, ko. Kisha akanipa pole kwa Kiingereza, polepole, neno kwa neno. Akaja dobi. Ko, ko. Akaja mpishi. Ko, ko. Nywele zikanisimama.

"Mzee wangu," nilimwuliza mlinzi, "mbona mnagonga?"

Akanishangaa. "Kiingereza si ndivyo kinavyoanza? Usipogonga hakiji."

Mama Cherehani akacheka huku akijifuta machozi. "Huyu juzi aligonga gari la mgeni mara mbili ndipo akamsalimia. Mgeni wa watu akadhani anafukuzwa!"

"Lakini si alinijibu?" mlinzi akasema kwa kiburi.

Nikauliza habari ya kikombe.

"Kile? Cha kupigia mswaki kile," Mama Cherehani akasema. "Chai alikunywa kwetu, leo kwangu, kesho kwa dobi. Tuligombana naye akitaka kununua birika."

Nikampigia mama. "Ana watu, mama. Na wote wanagonga kama baba."

"Basi mwache," akasema. "Nisalimie watu wake."

Tulimzika kesho yake. Jeneza liliwekwa juu ya meza mbili za cherehani zilizounganishwa. Nilisoma sala kutoka kitabu chake. Walipita mmoja mmoja, kila mtu akagonga kifuniko mara mbili, akamuaga kwa Kiingereza, wengine wakikosea, wakijisahihisha. Nilikuwa wa mwisho. Nilikuwa natetemeka. Nikagonga mara mbili, maneno yakaja: nikamwambia asante kwa viatu, na anisamehe kicheko kile.

Tulimshusha saa tano. Udongo ulikuwa mkavu. Mimi nilishika koleo la kwanza, mlinzi akashika la pili, dobi akatupokea. Kaburi lilipojaa, tuliomba tena, tukanawa mikono, tukarudi karakanani kunywa chai.