Siku Bi Swafia Alipogeuza Skrini

Bi Swafia wa Kibokoni alikuwa na sharti moja lililojulikana na kila aliyepanda ngazi za nyumba yake: televisheni haiingii. Tena hakulisema tu, aliliapia. Alisimama kwenye ngazi hizo hizo, wanawake wa mtaa wakimsikia, akasema, "Wallahi, televisheni haitapanda ngazi hizi nikiwa hai." Jioni yake mtu wa mkokoteni akaichukua ile iliyokuwa ukumbini kwenda kuuzwa Mwembe Tayari.

Sababu yake ilikuwa njema. Bi Swafia alikuwa akisomesha wasichana wadogo Kurani katika chumba cha chini, na akimaliza hushona kofia. Enzi za televisheni ile, wifi yake Mwanaesha na mashoga zake walijaa ukumbini kila alasiri kuangalia tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili. Siku moja mwalimu mwenyewe alisahau wanafunzi chini, akasahau wali jikoni, akasahau na sala. Alipozinduka wali umekuwa makaa, watoto wamekwenda zao, na jua linazama. Mtu anayejua udhaifu wake akaukata shinani anastahili heshima, na mtaa ulimpa. Watoto wakigombania jambo, mmoja humwambia mwenziwe, "Apa kama Bi Swafia," na ugomvi ukaisha, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuapa hivyo na uongo moyoni.

Miaka ilipita. Binti yake Aida alipata kazi ya kuchora kadi za harusi kwa kompyuta, akanunua skrini pana kama sinia ya biriani. Wachukuzi walipoipandisha, Bi Swafia aliikagua mbele na nyuma, akaambiwa ni ya kazi, akaridhika. Na kweli ilikuwa ya kazi.

Mtihani ulikuja kwa njia ya simu. Mzamil, mwanawe wa kwanza, mwalimu wa michezo katika shule moja ya Tononoka, alikuwa mshika kibendera katika mechi za ligi. Sasa alikuwa amechaguliwa kwa fainali ya kombe, Nairobi, timu ya Pwani na timu ya huko. Bi Swafia alifurahi mpaka akashona tundu mbili za kofia mahali pa moja. Kisha akaingiwa na huzuni, maana hakuwa amewahi kumwona mwanawe kazini hata mara moja. Uwanjani hakuwa mtu wa kwenda, na redio haikumfaa kitu. Redio humtaja mfungaji, humtaja kipa, humtaja na mtu aliyevunjika mguu. Mshika kibendera hutajwa akilaaniwa tu.

"Mama, mechi yaja kwenye mtandao," Aida akamwambia. "Picha ya HD. Utamwona Mzamil mpaka kope zake."

"Niliapa, mwanangu."

"Uliapa televisheni. Hii ni kompyuta."

Bi Swafia aliitazama skrini, ambayo Aida alikuwa ameanza kuifuta vumbi. Alijua kabisa alichokuwa amekikusudia siku ile ngazini. Lakini mtu anayetafuta ruhusa haichelewi kumfikia, na ya kwake ilifika kabla Aida hajamaliza kufuta vumbi. Alisali alasiri mapema, akafunga madirisha ya upande wa njiani, akateremsha na pazia. Hilo peke yake lingetosha kumwambia ukweli, kwa kuwa hakuna mtu anayefunga dirisha kwa ajili ya kadi za harusi.

Mwanaesha alibisha hodi kabla mpira haujaanza. Alikuwa ameona madirisha yamefungwa mchana wa joto, na pua yake haikuwahi kumdanganya. Aliingia, akaiona ile picha, akashika kiuno.

"Wifi, kwani hii ni nini? Friji?"

"Ni kompyuta ya Aida."

"Haya. Basi nami nimekuja kuangalia kompyuta." Akavua buibui, akakaa mbele kabisa.

Skrini ile haikuwa na sauti, na spika ya Aida ilikuwa imeharibika. Bi Swafia aliona hiyo ni heri, maana siri itakaa vizuri kwenye kimya. Sauti walipata ya bure. Chini ya dirisha, barazani, Mzee Abdulhalim alikuwa amefungulia redio yake, na wanaume wa mtaa wamemzunguka. Ila palikuwa na kioja: picha ya mtandao ilichelewa nyuma ya redio. Mtangazaji alisema kona, na kwenye skrini kipa bado anafunga kamba za kiatu. Mwanaesha alisema ni kama kuangalia maisha baada ya kwisha kuambiwa yatakavyokwenda, na Aida akacheka mpaka akalalia meza.

Picha yenyewe ilimlevya Bi Swafia. Aliona ukoka mmoja mmoja. Aliona jasho likishuka kwenye shingo za wachezaji kama maji kwenye mtungi. Na pembeni, akikimbia upande upande kama kaa, alimwona mwanawe, na kovu la kidevuni alilolipata utotoni kwa kuanguka kwenye hizi hizi ngazi.

"Hakunyoa vizuri," akasema. "Fainali, na hakunyoa."

Tangu hapo hakuutazama mpira tena. Wachezaji ishirini na wawili walihangaika bure mbele yake. Mzamil akikimbia, yeye huegemea upande ule ule. Mzamil akiinua kibendera kwa mpira wa kurusha, yeye na Mwanaesha hupigiana viganja kama wasichana wa shule, na Aida huwaziba vinywa wasisikike nje. Bi Swafia alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Hakukumbuka alicheka hivyo lini mara ya mwisho.

Kisha baraza ikalipuka. Gooli! Chini walikuwa wakirukaruka, mtu akipiga mlango kwa furaha, na kwenye skrini mpira bado uko katikati ya uwanja. Wanawake walishikana mikono wakingoja bao lije. Halikuja. Kelele za chini zilikatika ghafla, na katika kimya kile mtangazaji akatamka jina la Mzamil: ameinua kibendera, bao limekataliwa, timu ya Pwani imeotea.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya Fuad, fundi wa umeme, mpenzi mkubwa wa timu ile.

"Mwana wa Bi Swafia katuuza! Kala hongo huyo!"

Hakuna aliyemnyamazisha. Ndipo picha nayo ikafika: pasi ndefu, mshambuliaji akauchukua mpira, wavu ukatikisika, na kibendera cha Mzamil kimesimama wima. Marudio yakaja taratibu. Bega na goti la mshambuliaji vilikuwa vimempita beki wa mwisho, waziwazi, kwenye picha ambayo ilionyesha hata uzi wa soksi.

Palikuwa na njia mbili. Kunyamaza, kiapo kibaki kizima machoni pa watu na mwanawe abaki mla hongo mtaani. Au kufungua dirisha.

"Nipe buibui langu," akasema.

Kabla Aida hajaelewa, mama yake alikuwa ameshaikumbatia skrini kama mtoto wa kuogeshwa. Aida akapiga ukelele kuwa waya ni mfupi. Mwanaesha akajitupia buibui lake upande upande, akabeba kompyuta nyuma yake kama msindikizaji wa bibi harusi, na msafara ule, Aida akiburura waya wa umeme wa kuongezea, ukavuka ukumbi mpaka dirishani. Bi Swafia alivuta pazia, akasukuma mbao za dirisha, akaiweka skrini kizingitini uso ukitazama njia.

"Fuad! Tazama kwa macho yako, halafu useme tena."

Aida aliyarudisha marudio. Njia za pale ni nyembamba, na baraza iko chini tu ya dirisha. Mzee Abdulhalim alivaa miwani. Fuad alisogea, akainua shingo, akaomba irudishwe tena, ikarudishwa, akaomba mara nyingine.

"Kaotea," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Niwie radhi, Bi Swafia. Kaotea hatua nzima."

Njia nzima ikaangua kicheko, na redio ikasahauliwa pale barazani ikisema peke yake. Ilipopiga kelele za bao la Pwani mara ya pili, karibu na mwisho wa mechi, hakuna aliyeruka. Wote waliinua nyuso wakaingoja picha. Wavu ukatikisika, na wanaume wazima wakamtafuta mshika kibendera kwanza.

"Kiko chini!" akasema Bi Swafia, kichwa nje ya dirisha. "Kibendera kiko chini!" Naye akapiga kigelegele kilichofika Ndia Kuu.

Shangwe zilipopungua, Mzee Abdulhalim alivua miwani yake, akaifuta polepole kwa ncha ya kikoi.

"Bi Swafia, mama yangu. Hiki kitu si televisheni?"

Aida alifungua kinywa kujibu. Mama yake alimshika mkono. Kompyuta ilikuwa pale nyuma yake, na jibu la kujiokoa lilikuwa tayari ulimini. Lakini mwanawe alikuwa ametoka kuinua kibendera dhidi ya timu ya kwao, mbele ya nchi nzima.

"Ni televisheni, Mzee," akasema. "Nilijua tangu mwanzo."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Fuad alitaka kucheka, akajizuia.

Wiki ile Bi Swafia alitoa kafara ya kiapo kama sheria ya dini inavyotaka. Alipika wali wa nazi na nyama, Mwanaesha akimenya vitunguu huku akiuliza fainali nyingine ni lini, na wakaupeleka Majengo kwa watu kumi wenye shida, wakala wakashiba. Skrini ilirudi kwenye meza ya Aida, na Mzamil akiwa na mechi dirisha huwa wazi.

Kiapo kile kilimgharimu chakula cha masikini kumi. Kilimgharimu na jambo jingine ambalo halilipwi kwa wali: watoto wa Kibokoni hawasemi tena, "Apa kama Bi Swafia."